Skrini Tatu Zinahitaji Memori Kiasi Gani?

Anayetaka kucheza gemu za mbio za magari kwenye skrini tatu mara nyingi huambiwa kwamba memori ya kadi ya grafiki nayo lazima iwe mara tatu. Hesabu hiyo inavutia masikioni, hasa masikioni mwa muuzaji.

Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Zipange tatu bega kwa bega upate 6,220,800, idadi ambayo bado haijafikia skrini moja ya 4K yenye 8,294,400. Pikseli ya picha iliyokamilika huchukua baiti 4, kwa hiyo picha ya skrini zote tatu ni kama megabaiti 25. Kweli, gemu haichori picha moja tu. Kabla ya kukuonyesha chochote huandaa tabaka za umbali, mwanga, rangi na mwendo. Tuwe wakarimu: tabaka 20, kila pikseli baiti 8. Jumla ni gigabaiti 1 hivi, na skrini moja ingetumia theluthi yake.

Mlaji mkubwa ni tekscha, yaani picha zinazobandikwa juu ya kuta, nyuso na lami za ndani ya gemu. Moja tu ya 4096 kwa 4096, hata ikibanwa vizuri, inaweza kumeza megabaiti 16. Lakini ukuta ukionekana kwenye skrini tatu hauhifadhiwi mara tatu. Nakala ni ileile. Kinachoongezeka ni vitu vya pembeni ambavyo awali vilikuwa nje ya upeo wa macho, na hivyo huichosha prosesa na chipu ya kadi kabla ya kuijaza memori.

Ushauri ule wa zamani haukuzuka hewani. Mwaka 2009 AMD ilileta Eyefinity, teknolojia ya kuendesha skrini kadhaa kwa kadi moja, pamoja na Radeon HD 5870, kadi ya gigabaiti 1. Kwenye nafasi finyu namna hiyo, megabaiti mia mbili tatu za tabaka ni nyingi, na ukiwasha MSAA ya mara nne kulainisha kingo, tabaka husika huongezeka mara nne. Toleo la skrini sita lililofuata mwaka 2010 lilipewa gigabaiti 2. Wapo waliofunga kadi mbili wakitarajia memori zijumlishwe, kumbe katika CrossFire na SLI, mifumo ya kuunganisha kadi, kila kadi ilitunza nakala yake: gigabaiti 1 na 1 zikabaki kuwa 1.

Tabia ya memori hii ni kwamba ikitosha, ziada haikuongezei hata fremu moja; ikizidiwa, mambo huharibika ghafla. Kadi huanza kuazima RAM ya kompyuta kupitia njia ya PCIe. Kwenye GeForce RTX 4060 Ti ya mwaka 2023, memori ya kadi husafirisha gigabaiti 288 kwa sekunde, lakini njia ya kwenda kwenye RAM hupitisha kama 16. Ndiyo maana gari linakwama katikati ya kona ilhali wastani wa fremu unaonekana mzuri. Task Manager ya Windows itakuonyesha memori ya kadi na ile ya kuazima. Itazame hiyo ya pili ikipanda. Ya kwanza kukaribia kujaa si ushahidi, maana gemu nyingi hushika nafasi kuliko zinavyohitaji.

Kwa skrini tatu za 1080, mimi ningekubali gigabaiti 8 kwa sharti la kushusha tekscha ngazi moja, na 12 ili kutulia. Lakini usinunue namba pekee: RTX 3060 ina 12 na RTX 3060 Ti ina 8, na bado ya pili ndiyo yenye chipu ya nguvu zaidi. Tatu za 2560 kwa 1440 zinafika pikseli 11,059,200, theluthi moja zaidi ya 4K. Hapo tafuta 16, na chipu ya kuzistahili.

Kama gemu iko skrini ya kati tu na za pembeni ni za gumzo na video, usiongeze kitu. Funga vichupo vya kivinjari: vyenyewe vinaweza kula mamia ya megabaiti ya memori hiyohiyo.