Sikio na Hati: Jaribio la Upangaji kwa Wanafunzi Wapya wa Muziki

Mwanafunzi anayejiunga na idara ya muziki katika chuo kikuu nchini Kenya huwa tayari ameteuliwa kwa alama zake za mtihani wa kitaifa. Alama hizo, hata hivyo, hazisemi yote. Mmoja hupiga ala kwa ustadi ilhali hawezi kuandika alichokisikia. Mwingine hujua kanuni zote ilhali koo lake halitii. Ndiyo sababu ya kuwepo kwa jaribio la upangaji katika idara zinazolitumia. Jaribio hili si usaili. Usaili humfungia mtu mlango au humfungulia. Upangaji humwonyesha chumba cha kuanzia.

Kwa kawaida jaribio huwa na sehemu tatu: nadharia, usikizi na utendaji. Katika nadharia mwanafunzi husoma nota zilizoandikwa juu ya mistari mitano. Katika usikizi huandika mdundo au mahadhi aliyochezewa. Katika utendaji huimba au hupiga ala, na pengine hupewa wimbo asiopata kuuona ausome papo hapo.

Tatizo huzuka hapo. Katika eneo la Nyeri, Karatina na miji mingine iliyo kandokando ya Mlima Kenya, waimbaji wengi wamelelewa katika kwaya za makanisa yaliyotokana na misheni kama ile ya Waskoti huko Tumutumu. Kwaya hizo zimezoea solfa, mfumo ulioenezwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19. Solfa huandikwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Nukta mbili hutenga mapigo, na kistari huirefusha sauti. Herufi d huwa ndiyo sauti ya msingi ya ufunguo wowote wa meja; kwa hiyo msomaji wake huzoea uhusiano wa sauti na sauti. Mwimbaji kama huyo akiwekewa mistari mitano mbele yake hukwama, akahesabiwa kuwa hajui kusoma muziki.

Wanafunzi wa Kiswahili wataitambua hali hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliandikwa kwa hati za Kiarabu kabla ya kugeuzwa kwa hati za Kirumi. Msomaji wa hati ile ya kwanza, angepimwa kwa hati ya pili pekee, angeitwa mjinga wa kusoma.

Isitoshe, Wagĩkũyũ walikuwa na kipimo chao. Katika gĩcandĩ, utanzu ambao Kimani Njogu aliuchunguza katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Yale, watendaji wawili walijibizana kwa mafumbo, kila mmoja akitikisa kibuyu kilichochorwa alama za kumsaidia kukumbuka. Kumbukumbu, sikio na wepesi wa kujibu vilipimwa kwa pamoja.

Haifuati kwamba mistari mitano iachwe. Mwanamuziki wa chuo kikuu anaihitaji. Linalopasa ni kutenganisha matokeo: sikio lipewe alama zake, na hati zake. Hapo mwimbaji wa solfa atapelekwa darasa la mwanzo la uandishi bila kurudishwa darasa la mwanzo la usikizi. Asiyejua hati moja afundishwe hati hiyo, wala asifundishwe upya kusikia.