Amsha Nyumba ya Bibi, Pagale Lisubiri

Oya wana wa Nanganga, tuongee kishkaji. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na maokoto ya AMCOS yakasoma kwenye simu, masela wengi tunawaza kitu kimoja tu: kuchimba msingi. Tofali zinafyatuliwa, ukuta unapanda mpaka kwenye linta, mkwanja unakata. Pagale linasimama hapo misimu mitatu, minne, ndani limeota majani, na mwenye pagale na wanawe bado wanalala kwenye nyumba ya udongo aliyoiacha babu, giza, vumbi na mbu kama wote. Mimi naomba pagale lisubiri. Maokoto ya msimu huu yaingie kwenye nyumba unayolala leo.

Najua nyumba ya mbavu za mbwa haina kiki, hakuna anayeipiga picha akaposti. Ila hizi nyumba zilizojipanga pembeni ya barabara ya kwenda Masasi, nyingi zikiwa ni kizazi cha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, zina kitu cha maana. Ukuta mnene wa udongo unapokea joto taratibu. Saa nane mchana jua la Novemba linachoma kinoma, na kwa bibi bado kumepoa, wakati jamaa wa tofali za saruji na bati tupu amekimbilia kivuli cha mkorosho. Baraza nalo ndiyo sebule yenyewe: wageni, bao, kubangua korosho, yote pale. Kwa hiyo usiliguse baraza wala usibomoe ukuta mzima.

Kuna ishu ya kalenda pia, na hii ndiyo inayonipa uhakika. Pesa ya korosho inaingia Oktoba hadi Desemba, mvua nazo zinaanza Novemba au Desemba na hazikati mpaka Aprili au Mei. Ukianza kujenga kwa pesa hiyo, umeanza na matope. Kazi ya ndani haina shida hiyo kama paa halivuji: fundi yuko chini ya bati, mvua ipige itakavyo.

Kabla ya fundi, mjomba. Sisi Wamakonde, na ndugu zetu Wamakua na Wayao, tunafuata ukoo wa mama, na kwenye mali ya ukoo mjomba ana sauti. Usimvizie. Nenda na sukari kilo mbili, piga shikamoo, kaa chini, mwambie, "Anko, nataka kurekebisha chumba cha bibi, naomba baraka." Wangu aliuliza swali moja tu, "Mjomba, na nyumba itabaki ya nani?" Nikamjibu itabaki ya bibi na ya mama zetu, mimi naweka sakafu tu. Akaja mwenyewe kusimamia.

Sakafu ndiyo mwanzo, na hapa sina mjadala. Vumbi la udongo linaingia kwenye uji wa mtoto, linakaa kwenye neti, linabeba mayai ya minyoo na funza. Kule Mexico, jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwawekea watu wa kipato cha chini sakafu za saruji kwa mpango ulioitwa Piso Firme. Watafiti walipofuatilia, walikuta pale sakafu yote ilipobadilishwa vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilishuka kwa asilimia 78, na kina mama wenyewe stresi zikapungua. Sakafu tu, mwanangu!

Piga hesabu ya chumba cha mita tatu kwa tatu. Unaondoa udongo wa juu uliolegea, unamwaga mawe na kokoto, unashindilia mpaka kisigino hakizami, unatandika nailoni nzito kuzuia unyevu, halafu zege la sentimita 5. Hapo ni kama mifuko mitatu ya saruji, na wa nne ni wa kupiga nili. Siku hizi saruji siyo ya kusubiri Dar, kiwanda cha Dangote kilichoanza kuzalisha mwaka 2015 kiko hapo Mtwara. Mtazame fundi anavyopiga nili: analainisha kwa mwiko, ananyunyiza saruji kavu, anasubiri kidogo inywe unyevu, anarudi kusugua kwa mizunguko midogo akiwa amepiga magoti juu ya ubao, anarudi nyuma kuelekea mlangoni. Ukitaka swaga, aweke rangi nyekundu ya sakafu humo humo. Halafu mwagilia maji wiki nzima. Wengi wanazingua hapa: sakafu ikikauka haraka inapasuka, kazi yote imeliwa.

Kwenye ukuta kuwa makini. Fundi wa haraka haraka atakupigia lipu ya saruji moja kwa moja juu ya udongo, itapendeza mwezi, halafu itaanza kubanduka vipande vipande. Udongo unavimba na kusinyaa, saruji haifuati, zinaachana. Lipu ya udongo uliochujwa, mchanga na chokaa, matabaka mawili membamba, inashika na kukaa, ila hii iache mpaka kiangazi, Juni huko, ipate kukauka. Ukilazimisha saruji, wavu wa kuku upigiliwe kwanza kwenye miti. Kabla ya yote chungulia pembeni chini uone mirija ya mchwa. Nguzo iliyoliwa ibadilishwe, fremu mpya iwe ya mninga. Juu ya lipu paka chokaa nyeupe. Chumba kilichokuwa pango kinapata mwanga kwa bei ya kawaida kabisa.

Sasa mbu. Anopheles anapitia zaidi ule uwazi kati ya ukuta na bati, na nyumba za kwetu karibu zote zinao. Ukiuziba kwa udongo tu, mbu wanapungua lakini ndani kunakuwa tanuri. Ziba, halafu toboa madirisha madogo juu kwenye ncha mbili za nyumba uyawekee wavu wa mbu, hewa ya moto itoke. Hapa hapa mkoani Mtwara watafiti walijenga nyumba 110 za ghorofa moja, wakaziita Star Homes: vyumba vya kulala juu, kuta nyepesi zinazopitisha upepo, wavu kila mahali, tenki la mvua na choo kisichoingiza nzi. Ghorofa hatuwezi kuipandisha juu ya udongo wa babu, ila wavu, upepo na tenki tunaweza kuviiga bila ruhusa ya mtu. Mzazi aliyewahi kumkimbiza mtoto Ndanda hospitali usiku na homa ananielewa.

Tenki nalo siyo mapambo. Waulize wana wa Newala, kule juu uwandani maji yalikuwa ya kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, ndiyo maana wengi wamechimba visima vya kuhifadhi mvua uani. Mvua ya milimita 20 kwenye bati la mita za mraba 50 ni lita 1,000, siku moja tu. Funga gata, maji yaingie kwenye tenki, bomba lipenye ukuta mpaka jikoni kwenye sinki. Bibi kufungulia maji ndani kwake, hiyo ndiyo kishua ninayoitaka mimi.

Umeme wala usikutishe. Kuunganishiwa kijijini kumekuwa shilingi 27,000, na nyumba ndogo isiyo na waya ukutani inafungiwa UMETA, kile kifaa chenye soketi na swichi tayari, kazi imekwisha.

Kuhusu jipsamu, taa za rangi na sofa la kona: sivipingi, napenda vitu vizuri kama wewe. Ila bati likivuja tone moja jipsamu inavimba na kudondoka, kwa hiyo paa kwanza. Silingi bodi za kawaida zinapunguza joto la bati vilevile na zinavumilia zaidi. Mkeka wa ukindu juu ya nili nyekundu, kabati la mninga la fundi wa Masasi, pazia la khanga dirishani, chumba kimekaa fresh. Mnada ukilipa mwaka huu, nunua wavu, gata na mifuko minne ya saruji siku hiyo hiyo kabla hujapita kijiweni. Saruji usiilaze ukaja kuitumia baada ya masika, inaganda. Mwite fundi wiki hiyo hiyo, na chumba cha bibi kiwe cha kwanza.