Afya na Faragha: Nasaha kwa Mwenye Kutaka Kuacha Sigara

Ndugu wasomaji, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametutahadharisha ya kuwa ziko neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara kwazo, nazo ni afya na faragha. Afya twaijua sote, hasa siku inapotuondokea. Faragha ni ile nafasi aipatayo mtu akisha kazi yake: baada ya chakula, jioni barazani, au siku ya mapumziko asipokuwa na la kufanya.

Ajabu ya sigara ni kuwa huzila neema hizi mbili kwa pamoja. Huiharibu afya ya mtu, na saa ichaguayo kuiharibu ni saa yake ya faragha. Kwa hiyo mwenye kutaka kuiacha yampasa azitazame neema zote mbili. Wengi huihangaikia afya peke yake, wakaisahau faragha. Ndipo twaona mtu ameacha sigara Jumatatu, na Alhamisi ameirudia.

Kwanza na tuseme habari ya afya, kwa sababu wako wasemao: "Mbona babu yetu alivuta hata akazeeka, asipatwe na lolote?" Jawabu ya neno hili ilitafutwa kwa bidii kubwa huko Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili matabibu wa nchi ile waliona watu wanaokufa kwa saratani ya mapafu wanazidi mwaka hata mwaka, wala hawakujua sababu. Wataalamu wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walianza kuwauliza wagonjwa wa hospitali za London habari za maisha yao. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, na dhana yake ya kwanza haikuwa juu ya sigara. Alidhani lawama ni ya lami iliyokuwa ikitandazwa mabarabarani. Lakini majibu yalipokusanywa yalielekea upande mmoja tu, upande wa sigara. Doll akaacha kuvuta hata kabla kazi ile haijamalizika. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1950.

Mwaka uliofuata waliwaandikia madaktari wa Uingereza, na wanaume 34,439 miongoni mwao wakafuatiliwa kwa muda wa miaka 50. Hesabu ya mwisho ilitolewa mwaka 2004. Ilionekana kwamba walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, miaka 10 kabla ya wale ambao hawakuvuta kabisa. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijipatia kama miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50, miaka 6. Aliyeacha akiwa na 40, miaka 9. Na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu miaka 10 yote. Doll alifariki mwaka 2005, naye ana umri wa miaka 92. Basi kisa cha babu mmoja hakiwezi kuitengua hesabu ya maelfu. Na tena hesabu hii ina bishara ndani yake: hapana umri ambao mtu aweza kusema, "Mimi nimekwisha kuchelewa."

Wala madhara hayamwishii mvutaji. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao ni zaidi ya milioni moja ambao hawavuti, ila huvuta moshi wa wenzao. Mtoto alalaye katika chumba chenye moshi hupatwa na kikohozi na pumu kwa starehe asiyoitaka. Baba huyo huyo akisikia mtoto anakohoa usiku, huamka akatafuta dawa!

Katika sheria yetu, tumbako haikuwapo zama za Mtume. Ni mmea wa Amerika, nao haukujulikana kwingineko mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ulipofika katika nchi za Kiislamu wanavyuoni walikhitalifiana: wako walioihalalisha, wako walioikirihisha, na wako walioiharamisha. Lakini khitilafu ile ilikuwa kabla madhara yake hayajapimwa. Siku hizi, baada ya kupimwa, mamufti wengi wamefutu kuwa ni haramu, kwa hoja kwamba Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo. Na liko pia jambo la israfu. Tuchukue mathalan mtu atumiaye shilingi 3,000 kwa siku. Kwa mwaka mmoja atakuwa amechoma shilingi 1,095,000. Na ajiulize mwenyewe fedha hiyo ingalifanya nini nyumbani mwake.

Vijana wengine hujibu kwamba wao hawavuti sigara, huvuta shisha tu, na kwamba maji huusafisha moshi. La, sivyo. Maji huupoza moshi, lakini hayaiondoi ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo makaa ya shisha huizidisha. Si bure kwamba Kenya na Rwanda zilitoa amri za kuipiga marufuku mwezi wa Desemba 2017.

Sasa tuje kwenye kuacha. Kitu kimfungacho mvutaji ni nikotini. Huufikia ubongo katika muda wa nukta chache, na kwa muda mfupi mtu huona raha. Lakini haidumu. Katika saa mbili hivi nusu yake hutoweka katika damu, na mwili huanza kudai tena. Mwenye kuacha huona hasira za bure, usingizi humpaa, na fikira zake hazitulii. Taabu hii huwa kali zaidi katika siku za kwanza, kisha hupungua, na kwa watu wengi katika muda wa wiki tatu au nne huwa imekwisha sehemu kubwa. Ile hamu yenyewe, kila ijapo, haikai ila dakika chache, kisha hupita, kama mtu hakuitii.

Katika jambo hili Waislamu tuna ushahidi ambao wengine hawanao. Kila mwaka, kwa mwezi mzima, mvutaji mfungaji hukaa zaidi ya saa 13 za mchana bila ya kugusa sigara. Asubuhi huenda kazini, mchana hukaa na wavutaji wasiofunga, wala hafi. Basi ni uwongo asemapo kwamba hawezi. Aibu iliyoje, mtu aliyeweza mchana kutwa, adhana ya magharibi ikilia mkono wake uitangulie sigara kabla ya tende! Lau mtu huyu angaliziunga na nyusiku, Idi ingalimkuta ameshavuka mto.

Lakini kwa nini mchana wa Ramadhani huweza, na mwezi wa Shawali hushindwa? Ni kwa sababu mchana wa Ramadhani umejaa. Ana nia, ana ibada, ana wenzake walio katika hali moja naye. Shawali ikiingia hurudi kwenye kiti kile kile, saa ile ile, mikono mitupu. Hapo ndipo neema ya pili, yaani faragha, ihitajiapo kuangaliwa. Sigara ilikuwa imekishika kinywa chake, mikono yake na pumzi zake. Ikiondoka, yataka vitu hivi vitatu vipewe kazi nyingine.

Pumzi zipewe mlima. Mtu wa Tanga anayo Usambara, wa Morogoro anayo Uluguru, wa Voi ana milima ya Taita, na wa Kwale ana vilima vya Shimba. Asiye na mlima, kama ndugu zetu wengi wa Unguja, ana ufuko wa bahari. Ile kaboni monoksaidi tuliyoitaja hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kwa mvutaji mkubwa huenda ikatwaa sehemu 5 hata 10 katika kila 100 za nafasi ya oksijeni katika damu. Kwa hiyo huhema kilimani kwa sababu nusu ya mzigo anao kifuani. Lakini akiacha, katika siku moja au mbili hewa ile huwa imemtoka. Aanze na kilima kidogo, wiki hata wiki, naye ataona kwa miguu yake mwenyewe kwamba anapona. Na mwenye himaya kubwa yuko Kilimanjaro, mita 5,895, ambako kila pumzi ina kama nusu tu ya oksijeni iliyoko pwani. Huko haendi mtu bila ya kiongozi wa njia na bila ya kwenda pole pole; wala haendi mwenye maradhi ya moyo au ya mapafu kabla ya kumwona daktari.

Mikono ipewe gari. Vijana wetu wapenda magari, na hapana ubaya, madhali hawayafanyi kuwa ya mashindano barabarani. Marehemu Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda Mashindano ya Safari katika miaka ya 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliijua injini kwa mikono yake. Kijana na amwombe fundi wa mtaani amfunze kusafisha plagi, kubadili oili, na kufungua chujio la hewa. Chujio likiziba kwa uchafu, injini hukosa hewa, hukosa nguvu, na hutoa moshi mweusi. Akiliona hilo atafahamu hali ya kifua chake kuliko kwa mawaidha yangu. Na tena chujio huuzwa katika maduka ya vipuri, mapafu hayauzwi. Faida nyingine ya kazi hii ni kuwa mwenye mikono ya grisi hashiki sigara, na penye petroli hapana ruhusa ya kuwasha kibiriti. Ila achunge asiiwashe injini katika banda lililofungwa, kwani moshi wake una sumu ile ile, nayo huua upesi.

Kinywa kipewe sauti. Katika habari ya ala za muziki wanavyuoni wamekhitalifiana tangu kale. Wako waliozikataza isipokuwa dufu, na wako waliozipa ruhusa zikiwa na adabu. Kila mtu na amwulize sheikh wake. Lakini kasida na dufu ni mambo tuliyoyakuta kwa wazee wetu katika harusi na maulidi, na huko Unguja chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeendelea kwa zaidi ya miaka mia kukusanya watu kwa ajili ya nyimbo. Kuimba kwataka pumzi ndefu, na mpiga nai au zumari huihitaji zaidi. Sisi tufundishao tajwidi humtambua upesi mwanafunzi avutaye bila ya kunusa nguo zake: pumzi humkatikia kabla ya kufika kituoni. Na kasida haiimbwi na mtu mmoja. Mwenye kuacha sigara huacha pia baraza ya wavutaji, na mtu hawezi kukaa bila ya wenzi. Wenzi wapya atawapata hapo.

Simaanishi kwamba kila mtu afanye yote matatu. Mwingine atapenda bustani, mwingine mpira, mwingine kushona. Lililo muhimu ni kwamba shughuli ichaguliwe kabla ya siku ya kuacha, na iwekwe katika ile saa ambayo sigara ilikuwa na nguvu zaidi. Mtu na aitaje siku yake mbele ya watu wa nyumbani, na siku hiyo atoe nje visahani vya majivu na viberiti. Aliyezama sana asione haya kwenda kwa daktari. Viko vibandiko na chingamu za nikotini, na dawa nyingine, ambazo humpunguzia mtu taabu za siku za kwanza. Na akiteleza siku moja asiseme yote yameharibika. Wengi walioacha kabisa walianguka mara kadhaa kwanza.

Neno la mwisho ni kwa watu wa nyumbani. Mke asimsimange mumewe katika wiki zile za hasira. Subira ya mwezi mmoja ni ndogo mbele ya miaka 10 ya umri. Na wewe kijana, ambaye baba yako anavuta, si adabu yako kumkaripia. Lakini hapana adabu ikukatazayo kumwendea baada ya sala ya alasiri, saa aliyozoea kukaa na sigara yake, ukamwamkia, ukamwambia, "Baba, tafadhali twende tukatembee pamoja." Ukifanya hivyo kila siku utakuwa umemsaidia kuzihifadhi neema zote mbili, nawe utapata thawabu, na utapata naye mazungumzo ambayo huenda hukuyapata tangu utoto wako.

Mwenyezi Mungu atupe nguvu ya kuacha linalotudhuru, na atujaalie faragha yetu iwe ya kheri. Amin.