Ujumbe wa Simu Si Pesa

Katika vikundi vya akina mama tunavyovitembelea Busia na Malaba, swali moja halikosi: "Hizi pesa za simu, kweli ziko salama?" Anayeuliza mara nyingi ni mama wa sokoni ambaye bado anafunga noti zake kwenye leso kiunoni. Hatumcheki. Ana sababu.

Mama mmoja muuza omena alitueleza yaliyompata. Mteja alichagua gunia, akabonyeza simu, na mara simu ya mama ikalia. Aliposoma "umepokea", akamwachia mzigo. Jioni kwa ajenti, hakuna kitu. Hiyo ilikuwa karo ya mtoto.

Je, ni M-Pesa iliyomwibia? La. Huduma hii ilianza Kenya Machi 2007, na pesa za wateja huwekwa benki kwa udhamini. Hazikai mfukoni mwa ajenti. Hata simu yako ikianguka mtoni, pesa zako zipo. Utapewa laini mpya kwa kitambulisho chako. Ujumbe aliopata mama uliandikwa na tapeli mwenyewe, ukatoka kwa namba ya kawaida. Ule wa kweli huja kwa jina MPESA.

Hapa mpakani wakora wana nafasi zaidi. Tuna shilingi za aina mbili na laini za nchi mbili, maana MTN ya Uganda nayo ilianza kutuma pesa kwa simu mwaka 2009. Mteja ana haraka, lori linangoja. Mtandao ukichelewa, anakuonyesha simu yake mwenyewe: "Mama, si unaona imeenda? Itaingia tu." Nawe unaona haya kumkatalia.

Kwa hivyo tunashauri hivi:

1. Usiamini ujumbe, amini salio. Bonyeza *334# uangalie salio kabla ya kutoa mali.

2. Namba ya siri ni yako peke yako. Usimpe ajenti, mtoto, wala anayejiita mfanyakazi wa kampuni.

3. Mtu akipiga simu, "Nimekutumia kimakosa, nirudishie," angalia salio kwanza. Kama pesa ziliingia kweli, usizitume wewe. Mwambie apitie kwa kampuni.

4. Ukikosea wewe, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla pesa hazijatolewa.

5. Kama husomi Kiingereza, M-Pesa ina Kiswahili. Mwombe mtu unayemwamini akubadilishie lugha, lakini namba ya siri uiweke mwenyewe.

Kumngojesha mteja dakika moja si kumtukana. Noti tunaziinua juu kwenye mwanga kila siku na hakuna anayenuna. Mama wa omena bado anauza kwa simu, ila siku hizi mkono wake hautoki kwenye gunia mpaka salio lionekane. Tahadhari kabla ya hatari.