Utangulizi: Nafasi Ina Kipimo

Kitabu hiki kinashughulika na jambo moja: namna ya kuiweka picha, nembo au pambo mahali pake kwenye ukurasa kwa vitufe vya kibodi. Nimekiandika hapa Babati, nikiwafikiria kwanza vijana wa steshenari za karibu na stendi na za kandokando ya barabara ya Singida na ya Kondoa, maana hao ndio wachapaji wa mji huu. Mahindi na mbaazi zikishavunwa, kamati za harusi huanza kukaa na kadi za mchango hutakiwa leo kwa leo. Msiba ukitokea usiku, asubuhi familia inasubiri ratiba ya mazishi yenye picha ya mpendwa wao. Kazi inayobeba furaha na majonzi ya watu kiasi hicho inastahili kufundishwa kwa maandishi, tena kwa Kiswahili.

Enzi za herufi za risasi, wakati gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, nafasi tupu kwenye ukurasa ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Kati ya mstari na mstari palichomekwa kipande chembamba cha risasi. Picha ilichongwa kwenye bamba, bamba likabanwa ndani ya fremu kwa vipande vya chuma au mbao. Fundi akitaka picha isogee kushoto, alitoa kipande upande mmoja akakitia upande wa pili, na alijua ameisogeza kwa kiasi gani.

Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ya Seattle, iliyojiita kwa jina la Aldus Manutius, mchapaji wa Venice aliyefariki mwaka 1515, ilitoa programu ya PageMaker. Ukurasa ukahamia kwenye kompyuta ya mezani. CorelDRAW ikafuata mwaka 1989, InDesign mwaka 1999. Kipanya kikatupa uhuru mkubwa: unaishika picha, unaiburuta, unaiachia popote. Lakini kwa uhuru huo wengi wakaacha kupima wakaanza kukadiria kwa jicho, na jicho lililochoka saa mbili usiku halioni tofauti ya milimita moja. Wembe wa mashine ya kukatia karatasi unaiona.

Hapo ndipo ninaposimama. Watu husifu njia za mkato kwa sababu zinaokoa muda, na ni kweli zinaokoa. Mimi nazithamini zaidi kwa sababu zinarudisha kipimo. InDesign ikiwa imewekwa kwenye milimita, kugonga mshale mara moja husogeza picha robo milimita, isipokuwa kama wewe mwenyewe umebadilisha. Ukishikilia Shift, inasogea mara kumi ya hapo. Ukigonga mara tatu kulia usipopenda, gonga mara tatu kushoto, nayo inarudi palepale ilipokuwa. Kwa kipanya huna uhakika huo.

Tuchukue ratiba ya mazishi kwenye CorelDRAW. Unataka picha ya marehemu ikae katikati ya fremu ya duara. Bofya picha kwanza, shikilia Shift, kisha bofya fremu. Gonga C, halafu E. Ya kwanza inalinganisha vitovu vyao kwenye mstari wa wima, ya pili kwenye mstari wa mlalo. Zingatia mpangilio wa kuchagua: kilichochaguliwa mwisho ndicho kinachobaki mahali pake, kingine ndicho kinachokifuata. Ukianza na fremu, fremu itaifuata picha na ukurasa mzima utavurugika. L, R, T na B hulinganisha kingo za kushoto, kulia, juu na chini, na P hupeleka vilivyochaguliwa katikati ya karatasi. Vyote hivyo havihitaji Ctrl, kwa hiyo hakikisha hauko ndani ya maandishi, la sivyo utakuwa unaandika herufi tu. Picha ikifichwa na pambo, Shift na PageUp huileta mbele ya vyote vilivyo kwenye tabaka lake.

Kadi za mchango zina hesabu tamu zaidi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Kadi ya A6 ni 105 kwa 148, hivyo nne zinaingia na chini unabaki ukanda wa milimita moja. Humohumo kwenye CorelDRAW, tengeneza kadi moja, ifunge kwa Ctrl+G, iweke kwenye pembe ya juu kushoto. Fungua paneli ya kuhamisha kwa Alt+F7, andika 105 kwenye mlalo, omba nakala moja. Chagua zote mbili, andika -148 kwenye wima na sifuri kwenye mlalo, omba nakala moja tena. Ukishachapa, mikato miwili inazitenganisha zote nne, na baada ya kuondoa ule ukanda hakuna kadi iliyonyang'anywa pambo lake.

Ipo sababu ya kutokariri tu. Ctrl+D kwenye CorelDRAW hutoa nakala. Kwenye InDesign hufungua dirisha la kuleta picha. Microsoft nayo imetangaza kwamba haitaihudumia tena Publisher baada ya Oktoba 2026, na wengi wetu tulijifunzia humo. Anayeelewa maana ya kulinganisha, kusogeza kwa hatua na kupanga matabaka atahamia programu nyingine, hata Scribus isiyolipiwa, na kuzoea vitufe vyake bila kuanza upya.

Kabla ya sura ya kwanza, fungua CorelDRAW na bofya sehemu tupu ili pasiwe na kitu kilichochaguliwa. Kwenye upau wa juu badili vipimo viwe milimita, kisha kwenye kisanduku cha hatua ya mshale andika 1. Mazoezi yote ya sura hiyo yanategemea namba hiyo.