Popstars 2004: Makundi yalivunjika, wanamuziki wakabaki

Miaka ya mwanzoni mwa 2000, kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kutoka kimuziki alipiga hodi studio kwa Master Jay au P-Funk Majani. Mwenzake wa Nairobi alisaka nafasi kwa Ogopa Deejays. Asiye na pesa ya kurekodi wala mtu wa kumshika mkono aliishia kuimba kwaya ya kanisani au tamasha la shule. Kwa msichana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu kabla hajafika kwenye maikrofoni alikuwa na wazazi wa kuwaeleza anakwenda wapi usiku, na kwa nani.

Mwaka 2004 likaja Coca-Cola Popstars. Shindano hilo la televisheni lilisaka vipaji Tanzania, Kenya na Uganda kwa mpigo, na msimu huo wa kwanza ukatoa makundi matatu: Wakilisha la Tanzania, Sema la Kenya na Blu 3 la Uganda. Miaka zaidi ya 20 imepita, na bado naona hatujaupa msimu ule heshima unayostahili.

Popstars ni shindano lililobuniwa New Zealand mwaka 1999, na tofauti yake na mengine tuliyoyazoea ni kubwa. Halisaki mwimbaji bora mmoja. Linasaka kundi. Jaji anaposikiliza hajiulizi tu nani ana sauti kali. Anajiuliza sauti hii ikikaa kando ya ile itasikikaje, nani atabeba ya juu, nani atashika ya chini, nani atarap, na je, watu hawa wataweza kucheza hatua moja jukwaani bila mmoja kuwafunika wengine? Unasimama mbele ya meza una namba kifuani, unaimba bila ala, na unaweza kuimba vizuri kuliko wote siku hiyo ukarudishwa nyumbani kwa sababu sauti ya aina yako imeshapatikana. Wanaobaki hukabidhiwa wenzao ambao hawakuwachagua, kisha huambiwa: kuanzia leo ninyi ni kundi.

Tazama waliopatikana. Wakilisha walikuwa Langa Kileo, Sarah Kaisi tuliyekuja kumjua kama Shaa, na Witness Mwaijaga. Sema walikuwa Sanaipei Tande, Pam Waithaka na Kevin Waweru. Blu 3 walikuwa Lilian Mbabazi, Jackie Chandiru na Cindy Sanyu. Wasanii tisa, na saba kati yao wanawake. Wakati ule Bongo Fleva ya wanawake ilibebwa na majina machache mno, akina Lady Jaydee na Ray C, na kwenye rap wanawake walikuwa wachache zaidi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote lililofanywa na msimu ule. Binti aliyekuwa ameketi sebuleni na mama yake aliona kwenye skrini wasichana wa rika lake wakipimwa kwa sauti zao, hadharani, mchana kweupe. Mzazi naye aliona.

Makundi yenyewe hayakudumu. Wakilisha walitamba na "Unaniacha Hoi", kisha kila mmoja akashika njia yake. Sema nao walisambaratika mapema. Blu 3 ndio waliovumilia zaidi. Walitoa nyimbo kama "Hitaji", wakaimba na kina Radio na Weasel kwenye "Where You Are", lakini baadaye nao wakaachana. Wapo waliosema vijana wetu hawajui kushirikiana. Mimi sikubaliani nao. Hear'Say, kundi la Popstars ya Uingereza, lilipatikana mwaka 2001 na mwaka uliofuata likavunjika, pamoja na mauzo yake makubwa. Kundi linaloundwa na kamera halina ile miaka ya kusota pamoja, ya kugombana na kupatana kabla pesa haijaingia. Siku pesa na safari zinapokuja, hakuna cha kuwashikilia.

Kilichobaki ni watu. Sanaipei alisikika redioni, akaimba "Kwaheri" na Jua Cali, akaachia "Mfalme wa Mapenzi", na baadaye Wakenya wakamwona akiigiza katika tamthilia ya Kina. Shaa aliitikisa Tanzania kwa "Sugua Gaga". Witness aliendelea kurap. Lilian aliunda bendi yake, The Sundowners, na kuimba muziki wa moja kwa moja mbele ya watu wanaosikiliza kweli. Cindy alifika mbali zaidi: aliongoza chama cha wanamuziki wa Uganda, na mwaka 2023 yeye na Sheebah Karungi wakapambanishwa jukwaani Kololo, Kampala, na jiji zima likawa na la kusema.

Langa hatunaye. Alifariki Juni 2013, akiwa bado kijana. Alituachia "Matawi ya Juu", na alituachia pia ujasiri wa kuzungumza waziwazi kuhusu dawa za kulevya, jambo ambalo wengi hulificha mpaka kaburini. Jackie Chandiru naye amepita katika mateso hayo na kuyasimulia hadharani. Siwezi kusema shindano ndilo lililowafikisha huko. Ninachosema ni kwamba kijana anapotolewa kwao na kuwa maarufu ndani ya wiki chache, anahitaji mtu mzima wa kuwa karibu naye hata baada ya taa za studio kuzimwa, na mara nyingi mtu huyo hayupo.

Baada ya Popstars yalikuja mengine. Tusker Project Fame ilianza mwaka 2006 na Valerie Kimani wa Kenya akawa mshindi wa kwanza. Bongo Star Search ya Madam Rita ikajenga jina lake Tanzania. Zawadi zilitangazwa kwa mbwembwe, ila mpango wa mwaka unaofuata ushindi ulitajwa kwa nadra.

Kwa hiyo nina ombi kwa vituo vya televisheni na wadhamini wanaoandaa usaili mpya. Tengeni fungu la meneja, la mwanasheria na la mshauri nasaha kwa mwaka mzima baada ya fainali, hata kama itabidi kupunguza gari la zawadi. Na wewe kijana unayejiandaa kwenda kupanga foleni, nenda, lakini mkataba usiusaini siku hiyohiyo. Upeleke nyumbani, usomwe na mtu anayeuelewa, ndipo uweke sahihi.