Aliacha Unga, Mbona Amerudia?

Katika semina zetu za diakonia sharikani, swali tunaloulizwa zaidi si namna ya kumwachisha kijana unga. Ni hili: “Aliacha, arosto ikaisha, akakaa miezi minne akiimba kwaya. Mbona amerudia?” Wazazi huuliza kwa uchungu. Wapo wazee wa kanisa wenye jibu tayari, kwamba hakutubu kwa kweli. Sisi tunaona jibu hilo linamwonea kijana, maana linaruka jambo linaloendelea ndani ya ubongo wake.

Arosto na kumbukumbu ni vitu viwili. Heroini hutoka mwilini katika siku chache, na maumivu makali ya arosto kwa kawaida hupungua katika muda wa wiki moja hivi. Kumbukumbu ya heroini haitoki nayo.

Ubongo umeumbwa ujifunze haraka mambo yanayotuweka hai, kama chakula na maji. Tunapopata kitu chema tusichokitazamia, chembe fulani za ubongo humwaga kemikali iitwayo dopamini, na kemikali hiyo ni kama mhuri: kumbuka hili, na vyote vilivyolitangulia. Katika miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz alieleza vipimo vyake kwa kima waliokuwa wakipewa juisi baada ya ishara. Mwanzoni chembe hizo ziliamka juisi ilipofika. Kima walipokwisha kujifunza, ziliamka kwenye ishara, na juisi yenyewe haikuziamsha tena. Dawa za kulevya hupiga mhuri huo kwa nguvu kuliko chakula, na huendelea kuupiga hata pale ambapo chakula kingekuwa kimezoeleka. Ndiyo maana bomba la sindano, karatasi ya kete, kona ya maskani, sauti ya rafiki fulani, hata noti mfukoni siku ya malipo, vyote huwa ishara.

Ishara hizo hazihifadhiwi mahali pamoja. Sehemu iitwayo amigdala hutunza hisia ya jambo, hipokampasi hutunza mahali lilipotokea, na sehemu nyingine za ndani hutunza mazoea, yale yanayompeleka mtu kijiweni kabla hajaamua kwenda. Kumbukumbu yenyewe imo katika viungio kati ya chembe na chembe. Vinavyotumika pamoja mara nyingi huimarika, na mabadiliko hayo huweza kudumu muda mrefu baada ya dawa kuachwa. Wakati huohuo sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, mara nyingi huwa imedhoofika.

Je, kumbukumbu hii hufutika? Tangu enzi za Ivan Pavlov na mbwa wake inajulikana kwamba ishara ikionekana mara nyingi bila kufuatwa na kitu, mwitikio hupungua. Lakini somo la zamani halifutiki. Ubongo huandika jipya juu yake. Msongo wa mawazo, ugomvi nyumbani, au kurudi mahali pa zamani huliinua tena. Tena majaribio kwa panya yameonyesha kwamba hamu inayoamshwa na ishara huweza kuongezeka katika wiki za kwanza za kuacha badala ya kupungua. Mzazi anayesema “sasa amepona” katika mwezi wa pili anasema mapema mno.

Mahali pana uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 1971, karibu askari mmoja kati ya watano wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam alieleza kuwa huko alitawaliwa na dawa za kulevya, hasa heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia nyumbani, na katika mwaka wa kwanza ni kama asilimia 5 tu ya hao waliotawaliwa tena. Sababu ziko kadhaa, lakini moja ni kwamba ishara nyingi zilibaki Vietnam. Kijana wetu hutibiwa mbali, kisha tunamrudisha kwenye uchochoro uleule.

Kuna hatari nyingine tungependa kila mzazi aijue. Mwili hujifunza kuistahimili dawa, na somo hilo nalo limeshikamana na mahali. Mwaka 1982 Shepard Siegel na wenzake waliwapa dozi kubwa panya waliokwisha kuizoea heroini. Katika chumba walichokizoea walikufa asilimia 32; katika chumba kigeni, asilimia 64. Kijana aliyeacha amepoteza ustahimilivu huo. Akirudia kipimo chake cha zamani, anaweza kuacha kupumua. Kwa hiyo aliyerudia asifungiwe chumbani peke yake kwa adhabu. Akikoroma isivyo kawaida, midomo ikawa ya bluu na haamki, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

Methadoni, ambayo Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011 na sasa hupatikana pia mikoani, ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza, haifuti kumbukumbu. Hukaa mwilini siku nzima, huzuia arosto na kupunguza hamu, ili kijana apate utulivu wa kujifunza maisha mapya. Wanaosema ni kubadilisha ulevi kwa ulevi, hatukubaliani nao. Kwa kawaida hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, na nauli ya kila siku huwashinda baadhi yao. Kamati ya diakonia ya usharika inaweza kuanzia hapo.